Sekunde Kumi na Nne za Gaudensi

1

Nilichomoa waya wa mtandao ukutani, na yule bwana kwenye skrini akaendelea kuongea.

Aliongea sekunde tisa nzima. Nilizihesabu kwa saa ya mkononi. Alikuwa mtu wa mauzo wa kampuni ya Sautisafi, ameketi ofisini kwao kilomita mia sita kutoka chumba chetu, na mimi nilikuwa nimeshika ncha ya waya uliokuwa unamleta. Akasema, "Na ndiyo maana wateja wetu hawajutii." Akapepesa macho. Akatabasamu. Kisha picha ikaganda, na chini yake yakatokea maandishi madogo: *Tafadhali subiri.*

"Zulfa," nikasema, "huyu alikuwa anaongea na nani?"

Zulfa, aliyetumwa na Sautisafi kutuonyesha bidhaa, hakushtuka hata kidogo. "Ndiyo uzuri wake, dada Leokadia. Mtandao ukikatika, Mjazo wetu unaendeleza. Sauti, mdomo, macho. Wa upande wa pili hahisi kitu."

"Mjazo naujua. Tunao mwaka wa pili huu. Nauliza yale maneno ya mwisho yalikuwa ya nani."

"Yake. Ni yale ambayo angeyasema."

"Angeyasema au aliyasema?"

"Dada, tumepima. Mara tisini na sita kwa mia inakuwa ni yale yale."

"Na zile nne?"

Akacheka. "Wewe ulisomea sheria?"

"Nilisomea mitandao. Stashahada, miaka mitatu, wa mwisho nikiwa na mimba. Geuza hiyo kompyuta nione kipimo chako kimesema nini."

Kipimo chake kiliitwa Shwari, na ndicho kilichomleta. Halmashauri ya Mji wa Lukuvo ilitaka programu moja ya kupima afya ya simu zetu za video, na mimi nilipewa wiki moja kuchagua. Mezani zilikuwa tatu. Ya kwanza ilitoka ng'ambo na ilitaka takwimu zetu zote zipande kwenye seva zao kabla haijatuambia lolote. Niliifuta saa tatu asubuhi. Ya pili ilikuwa Shwari. Ya tatu iliitwa Kunguni, programu ya zamani ya skrini nyeusi tuliyofundishwa chuoni. Walioiandika waliipa jina hilo kwa sababu inaingia kwenye mishono ya mtandao na haitoki bila damu.

Shwari ilikuwa kijani juu hadi chini. Ucheleweshaji, kijani. Upotevu wa pakiti, kijani. Ubora wa mazungumzo, tisini na nane kwa mia.

Waya bado ulikuwa mkononi mwangu.

"Hiki kipimo chako," nikasema, "kimekaa upande gani wa Mjazo?"

"Upande wa msikilizaji. Tunapima kile anachokisikia mteja."

"Baada ya kujazwa."

"Baada ya kuboreshwa."

Ni sawa na kukagua shati la mtoto baada ya kulifua, kisha useme hakucheza matopeni. Nilimwambia hivyo. Akaandika kwenye daftari lake kwa adabu, kama mtu anayepokea maoni.

2

Ingekuwa simu za kusalimiana nisingehangaika. Mtu akijaziwa "hamjambo" hafi. Lakini zinazopita kwenye mtambo wetu ni za Baraza la Familia na Ardhi.

Nusu ya wanaume wa Lukuvo wanafanya kazi kwenye mitambo ya upepo kule Uwanda wa Juu. Wanakaa kambini miezi mitatu, wanashuka wiki mbili. Hakuna anayeshuka siku nzima kwa shauri la dakika ishirini, kwa hiyo Baraza linawapigia. Mwenyekiti anauliza, mtu anajibu, muhuri unagongwa. Nani arithi shamba, nani amlee mtoto, nani ahame. Yote hayo yanategemea neno moja linaloshuka mlimani kwa mtandao unaopeperuka kama nguo kwenye kamba.

Jioni ile ile nilitaka kujua jambo moja tu. Sauti inasafiri ikiwa imekatwakatwa kwenye pakiti, na kila pakiti ina namba, kama kurasa za daftari. Mtandao ukipoteza pakiti, kurasa zinakosekana: unaona ya arobaini, halafu ya hamsini na nane. Lakini simu za kambini ni za kubana umeme. Usipoongea, hazitumi kitu. Ukinyamaza dakika nzima, utaona ukurasa wa arobaini, halafu wa arobaini na moja, ila katikati muda umepita. Anayesoma namba anaweza kutofautisha aliyekatika na aliyenyamaza. Anayetazama saa peke yake hawezi.

Nilifungua kitabu cha maelezo cha Mjazo na kutafuta unatazama nini. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, maandishi madogo. Unatazama saa.

Kambini wote wanatumia simu hizo. Nilirudia kuusoma ule mstari mara tatu, nikitumaini nimekosea.

Ili kuthibitisha nilihitaji shauri la kweli. Sheria inatutaka tutunze pakiti ghafi za kila kikao, jinsi zilivyofika kabla ya Mjazo kuzigusa, lakini fundi haruhusiwi kufungua za watu. Anayeweza kuomba zifunguliwe ni mhusika wa shauri. Kati ya mashauri mia tatu na kumi na sita yaliyosikilizwa kwa simu tangu Mjazo uwekwe, mimi nilikuwa mhusika wa moja.

Nilijaza fomu kwa jina langu. Leokadia Mgaya, mwombaji. Gaudensi Msigwa, mjibu maombi. Kuhusu mtoto Lusungu, miaka tisa.

Gaudensi ni mume wangu wa zamani. Hatukupigana wala hatukutukanana, tulichoka. Miezi minane iliyopita niliomba Baraza mtoto akae kwangu moja kwa moja, na siku hiyo Gaudensi alikuwa kambini, uso wake kwenye skrini, ukungu nyuma yake. Mwenyekiti akamwuliza kama anakubali. Akatulia kidogo, akasema, "Nakubali, mwenyekiti. Mama yake anamlea vizuri." Mwenyekiti akamshukuru. Muhuri ukagongwa. Nilitoka pale nikanunua kuku.

Njiani kurudi nyumbani kitu fulani kilinigusa bega. Miaka kumi na moja ya ndoa, Gaudensi hakuwahi kunisifu mbele ya mtu. Hata chakula hakukisifu. Alikuwa anamaliza tu na kusogeza sahani. Nilikipuuza kile kitu. Nilikuwa na kuku mkononi.

Sasa nikampa Kunguni kazi. Dakika mbili, kisha mistari ikashuka. Pakiti namba 4,112. Pakiti namba 4,113. Kati yake, sekunde kumi na nne na nusu. Kurasa zilizokosekana: sifuri.

Mtandao siku ile haukupoteza kitu. Gaudensi aliulizwa swali, akanyamaza sekunde kumi na nne, na mashine ikaona pengo. Kwa kuwa ilikuwa imesikia mamia ya watu wakiulizwa swali lile na karibu wote wakisema nakubali, ikamkubalia.

Na mimi nilijua kunyamaza kule. Nimekaa kwenye vikao vya ukoo wa akina Msigwa, ugali ukipoa katikati yetu, hakuna anayenyoosha mkono. Kwao mtu hamwambii mkubwa "hapana" usoni. Anayekataa anatazama chini na kunyamaza, na mkubwa wa kikao akiona unyamavu unadumu, anasema, "Haya, asanteni," na anageukia jambo jingine. Swali limekataliwa. Linarudi nyumbani kupikwa upya. Nimeona shamba likikosa kuuzwa kwa namna hiyo bila mtu kufungua mdomo.

3

Bwana Kyando, mkuu wetu wa TEHAMA, hula karanga akiwa anafikiri. Asubuhi ya pili yake alikula robo ya pakiti kabla ya kuniuliza chochote.

"Mia tatu na kumi na sita," akasema. "Mama Lusungu, watu wameshajenga. Wameoa. Wengine wameshazikana."

"Si yote yaliyojazwa."

"Utajuaje?"

"Kunguni atasoma namba tu, hatasikiliza maneno. Baraza likiruhusu, ni kazi ya siku mbili."

"Na ukikuta hamsini? Ukikuta mia?" Akamenya karanga, akaiangalia, hakuila. "Umethibitisha kwa shauri gani?"

"La kwangu."

Akasimamisha mikono. "La mtoto?"

"La mtoto."

"Basi ukilipeleka hili, la kwanza kufunguliwa ni hilo. Gaudensi akisema anamtaka?"

Sikujibu.

"Umenyamaza," akasema. "Niandike umekubali?"

Ulikuwa utani mbaya, na aliujua, kwa sababu alisogeza karanga upande wangu mara moja. Nilichukua tatu.

Zulfa, niliyemtumia taarifa ya kasoro usiku ule, aliingia saa nne akiwa tayari na suluhisho. Ndiyo maana nasema ni mwuzaji mzuri. Alikuwa ameshapiga simu makao makuu. Toleo jipya la Shwari, kuanzia mwezi ujao, lingezima Mjazo kila mwenyekiti anapouliza swali la kukubali au kukataa. Kasoro ingekwisha. Halmashauri isingemtia mtu aibu. Mimi ningeandika kwenye ripoti: *Shwari inapendekezwa, pamoja na marekebisho.*

"Na yaliyopita?" nikauliza.

"Yaliyopita yana mihuri, dada."

"Yana mihuri juu ya maneno yenu."

Akakaa karibu nami, akashusha sauti. Hakuwa mkali. "Nimesoma lile faili lako. Umeliambatisha mwenyewe kwenye taarifa. Dada yangu, ulipata mtoto. Anasoma, anakula, yuko na mama yake. Unamlalamikia nani?"

Lilikuwa pendekezo zuri. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Nimelea mtoto peke yangu kwa muda wa kutosha kujua kwamba jambo linaloninufaisha kiasi hicho, nalitetea kabla sijalikagua. Nikajikuta napanga hoja: Gaudensi mwenyewe hakulalamika. Miezi minane, hata barua moja. Mtu anayemtaka mtoto wake hakai kimya miezi minane.

Halafu nikasikia nilivyojisemea. Kimya.

Kuna jambo jingine, na hili sikumwambia Zulfa wala Kyando. Siku ile ya kuku, Lusungu aliniuliza baba amesema nini. Mimi siwafichi watoto mambo. Nilimwambia, "Baba yako amekubali mwenyewe ukae hapa." Akauliza, "Hakubisha?" Nikasema hapana, hakubisha. Akala paja lote bila neno, akaenda kulala saa moja jioni. Nilidhani ameshiba.

4

Kwenye ofisi ya mafundi wa upepo hapa mjini kuna redio ya kuongelea na kambi. Ni ya kubonyeza kitufe unapoongea na kuachia unaposikiliza, na mtu akimaliza anasema "badilisha." Haina Mjazo. Ukinyamaza, inavuma tu. Niliomba dakika kumi saa ya chakula cha mchana, wanaposhuka minarani.

"Msigwa hapa. Badilisha."

"Ni Leokadia. Kabla ya yote sema kitu ambacho mashine haiwezi kukijua. Badilisha."

Redio ikavuma. "Uliungua mguu kwa uji wa Lusungu, ukaitukana sufuria mpaka jirani akaja kuamua ugomvi. Badilisha."

"Inatosha. Siku ya Baraza, mwenyekiti alipokuuliza kama unakubali, ulisema nini? Badilisha."

"Si ulikuwepo? Badilisha."

"Nilikuwepo. Nakuuliza wewe. Badilisha."

"Nilinyamaza, Leokadia. Nilitazama chini nikanyamaza, kama inavyotakiwa. Mwenyekiti akasema asante, akaendelea na mengine. Nikajua ni mtu mzima, ameelewa, swali limerudi nyumbani. Baada ya wiki mbili unaingia ujumbe: limefungwa kwa makubaliano. Nikasema, haya, wameshakubaliana wao kwa wao. Badilisha."

"Sisi tulisikia umekubali. Tulisikia kwa sauti yako ukisema namlea vizuri. Badilisha."

Nikasikia kicheko kifupi, kisha kikakatika. "Mimi? Nilisema hivyo mbele ya Baraza? Na wewe ukaamini? Badilisha."

"Niliamini. Badilisha."

"Hukuamini. Umekula kwetu miaka kumi na moja. Ulipenda tu iwe hivyo. Badilisha."

Nilibonyeza kitufe. Nikakiachia. Nikakibonyeza tena.

"Mbona hukumpigia mtoto? Badilisha."

"Nimempigia mara mbili. Alikata. Mara ya pili alikata kabla sijamaliza jina lake. Nikajua umemfundisha, na zamu zangu za kushuka nikazifanyia kazi huku huku. Badilisha."

"Sikumfundisha kukata," nikasema. "Nilimwambia ulikubali." Sikusema badilisha. Ilibidi yeye asubiri mpaka ajue nimemaliza.

Fundi wa redio alikuwa anajifanya anapanga nyaya.

"Gaudensi, ripoti yangu ikienda kama ilivyo, shauri letu linafunguliwa upya. Utamtaka? Badilisha."

Safari hii hakunyamaza hata kidogo.

"Nitamtaka. Nashuka kabisa mwezi wa nane, nimepata kazi ya karakana hapo mjini. Nitasema kwa mdomo wangu, kwa sauti, mbele ya mwenyekiti, kwa sababu naona kunyamaza hakufai tena. Nakuambia mapema usije ukasema nilikuvizia. Badilisha."

"Nimesikia," nikasema. "Umefanya vizuri kuniambia."

Nilirudi ofisini kwa miguu, nikaandika ripoti kurasa mbili. Sikuweka maneno mengi. Inayopendekezwa: Kunguni, iwekwe kabla ya Mjazo na isome namba za pakiti. Shwari isinunuliwe, kwa sababu inapima kazi ya kampuni inayoiuza. Mjazo uzimwe kwenye vikao vyote vya Baraza kuanzia leo. Mashauri yote mia tatu na kumi na sita yasomwe namba zake, na wahusika wa yale yaliyojazwa waarifiwe kwa barua ya mkononi. Kiambatisho cha kwanza: Mgaya dhidi ya Msigwa. Chini yake niliandika kwamba mimi ni mhusika, kwamba nimefaidika na kosa hili, na kwamba naomba shauri hilo litangulie.

Kyando aliisoma akiwa amesimama. "Zulfa atalia," akasema.

"Zulfa atauza kwingine."

"Na wewe?"

"Wewe saini tu, mkuu."

Akasaini.

5

Lusungu alikuwa uani anafua soksi za shule, povu mpaka kwenye viwiko. Nilivuta ndoo nikakaa juu yake, mbele yake, ili asinikwepe.

"Nilikuambia baba yako alikubali ukae hapa," nikasema. "Nilikosea."

Hakuinua uso. "Alikataa?"

"Alikataa. Ile mashine ya simu ilisema badala yake. Ilifanya sauti yake ikasema amekubali. Mimi nikaileta nyumbani hivyo hivyo, sikuikagua."

"Si kazi yako kukagua mashine?"

"Ndiyo."

Akakamua soksi moja, polepole, mpaka tone la mwisho. "Yeye mwenyewe alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alinyamaza. Kwao ndivyo mtu anavyokataa."

"Kama mimi nikikasirika."

"Kama wewe."

"Kwa muda gani?"

"Sekunde kumi na nne. Na nusu."

Akaacha soksi. Akatazama chini kwenye beseni, midomo yake ikawa inacheza bila sauti, vidole vyenye povu vikigonga ukingo wa plastiki kimoja kimoja. Sikumkatisha. Kwa jirani redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, na yalikuwa yamefika familia ya tatu alipomaliza.

"Ni nyingi," akasema.

"Ni nyingi."

"Na alipiga simu nikakata."

"Alipiga mara mbili. Hilo ni kosa langu, si lako."

Akafuta pua kwa mkono mkavu zaidi kati ya miwili. "Kwa hiyo nitahama kwenda kwake?"

"Sijui. Watauliza upya. Atashuka, ataulizwa uso kwa uso. Mimi nitaulizwa. Na wewe ni mkubwa wa kutosha, utaulizwa."

"Na nikinyamaza?"

"Watasubiri."

"Utajuaje watasubiri?"

"Nitakuwepo. Nitahesabu mwenyewe."

Akainua macho akanitazama muda mrefu, vile ninavyoitazama mimi skrini iliyojaa kijani kitupu, na sikumwambia aache.